Imezimika, Imezimwa au Imejizima? Sarufi ya Kuieleza Hitilafu ya Kompyuta Garissa

Utangulizi

Mjadala kuhusu Kiswahili na kompyuta umekuwa, kwa sehemu kubwa, mjadala wa nomino. Wataalamu wameshindanisha tarakilishi na kompyuta, puku na kipanya, mdahalishi na intaneti. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi yenye menyu za Kiswahili, na kwa kufanya hivyo ukathibitisha kwamba istilahi zinaweza kupatikana pakiwa na nia. Mwaka huohuo Ubuntu, mfumo endeshi wa jamii ya Linux, ulitolewa kwa mara ya kwanza ukiwa na jina la Kibantu ambalo mzawa wa Kiswahili hulitambua papo hapo kupitia mzizi wa mtu na utu. Kazi hiyo ya istilahi ilikuwa ya lazima. Hata hivyo, mtu ambaye mashine yake imekataa kuwaka saa nne usiku, tasnifu yake ikiwa ndani, hahitaji nomino kwanza. Anahitaji kitenzi cha kumwambia mwenzake kilichotokea.

Makala haya yanakichunguza kitenzi hicho katika mazingira ya Garissa na Kaskazini Mashariki ya Kenya, kwa kutumia mfano wa kompyuta ya nyumbani inayoendeshwa na Linux. Hoja yake ni kwamba mnyambuliko, njeo na upatanisho wa kisarufi, mambo ambayo mwanafunzi huyajua kama maswali ya mtihani, ni vyombo vya kutambulia hitilafu na kuilinda mashine.

Mazingira ya msaada

Mji wa Garissa uko kwenye ukingo wa Mto Tana, na ulikuwa makao makuu ya Mkoa wa Kaskazini Mashariki kabla ya kaunti za Garissa, Wajir na Mandera kuanza kazi mwaka 2013. Kisomali ndiyo lugha ya nyumbani ya wakazi wengi. Kiswahili huunganisha Wasomali na walimu, wafanyabiashara na watumishi wa serikali waliotoka sehemu nyingine za nchi, ilhali maandishi ya kwenye skrini aghalabu ni ya Kiingereza. Hivyo basi, taarifa moja ya hitilafu yaweza kupita katika lugha tatu kabla ya kumfikia anayeweza kuitatua.

Umbali nao una uzito wake. Chuo Kikuu cha Garissa kina wanafunzi kutoka pembe nyingi za Kenya. Huko Dadaab, ambako kambi za wakimbizi zilianza kujengwa mwaka 1991, mradi wa BHER uliviunganisha kuanzia mwaka 2013 vyuo vikuu vya Kenyatta na Moi na vile vya York na British Columbia vya Kanada, ili walimu wa kambini wapate elimu ya juu, kwa sehemu kupitia mtandao. Mwenye kompyuta na msaidizi wake basi huweza kuwa mbali sana. Milingoti ya mawasiliano katika kaunti hizi tatu imeshambuliwa mara kadhaa, na kila inapoangushwa, mtandao hupotea kwanza. Pasipo picha ya skrini, kinachobaki ni sauti ya simu au ujumbe mfupi, na sentensi hulazimika kubeba mzigo ambao picha ingeubeba.

Kauli tatu, hitilafu tatu

Chukua ujumbe huu: "Walaal, mashine imekufa." Neno la kwanza ni la Kisomali, yaani ndugu, na linatosha kuamsha moyo wa kusaidia. Sentensi iliyobaki haisaidii. Mashine iliyokufa yaweza kuwa imekosa umeme, imeungua, au imesimama tu. Msaidizi mwenye uzoefu atauliza swali ambalo kwa Kiswahili linajipanga lenyewe: imezimika, imezimwa, au imejizima?

Imezimika ni kauli ya kutendeka. Tendo limetokea pasipo kumtaja mtendaji, na aghalabu umeme ndio uliokatika. Imezimwa ni kauli ya kutendwa, nayo inamdai mtendaji: mtu alibonyeza kitufe, au programu iliamuru mashine iwake upya baada ya kusasishwa. Imejizima ina kiambishi kirejeshi. Mashine yenyewe iliamua, na sababu ya kwanza ya kushukiwa katika mji ambao joto la mchana mwezi Februari na Machi hupita nyuzi 35 ni joto. Kompyuta hujizima ili kichakato chake kisiungue.

Mgawanyo huu una ushahidi ndani ya Linux. Mfumo huandika kila jambo katika kumbukumbu zake, ambazo kwa Kiswahili zingestahili kuitwa batli, neno la mabaharia kwa daftari ya safari ya chombo. (Neno hili si geni kiasi hicho Garissa: maji ya Tana huishia baharini.) Amri "journalctl -b -1" humwonyesha msomaji batli ya safari iliyopita, yaani tangu mashine ilipowashwa mara ya mwisho hadi ilipozimika. Ikiwa maandishi yamekatika ghafla katikati ya shughuli za kawaida, basi mashine imezimika. Ikiwa huduma zimefungwa moja baada ya nyingine kwa utaratibu, imezimwa. Ikiwa mwishoni kuna onyo kwamba kiwango cha hatari cha joto kimefikiwa, imejizima. Mpaka kati ya kauli ya kwanza na ya tatu haupo wazi daima, kwani joto kali sana laweza kuikata mashine kabla haijawahi kuandika lolote. Hapo msaidizi huuliza kuhusu betri: kipakatalishi chenye betri nzima hakizimiki kwa kukatika umeme, kwa hiyo batli iliyokatika ghafla katika kifaa kama hicho inaelekeza kwenye feni iliyojaa vumbi.

Anayejibu "imezimika" ilhali alikuwa na maana ya "imejizima" atatumwa kununua kifaa cha kuhifadhi umeme. Atakinunua, na mashine itaendelea kujizima.

Njeo na mfuatano

Viambishi vya njeo hufanya kazi isiyo ndogo. "Ilizimika" ni tukio moja. "Huzimika" ni mazoea, na mazoea yana ratiba inayoweza kuchunguzwa: saa za adhuhuri, au kila video inapofunguliwa. "Haiwaki" na "haijawaka" zinatofautiana zaidi ya vile darasa la sarufi linavyodokeza. Kiambishi -ja- kina tarajio ndani yake. Baada ya umeme kukatika, Linux huweza kuikagua diski kabla ya kuendelea, na diski kubwa na kuukuu huchukua muda. Mtu anayesema "haiwaki" huichomoa mashine katikati ya ukaguzi, na huko ndiko faili huharibikia. Anayesema "haijawaka" husubiri.

Kiambishi -ka- ndicho chenye manufaa makubwa kuliko vyote. "Nikaisasisha, ikadai iwashwe upya, nikaiwasha, ikakwama penye skrini nyeusi yenye neno initramfs." Sentensi hii ni nzuri kwa sababu haimfundishi msaidizi sababu. Inampa mfuatano tu. Wengi huandika "imekwama kwa sababu ya kusasisha," na hapo ushahidi unageuka hukumu. Huenda sababu ni umeme uliokatika siku iliyotangulia, ambao mwenye mashine aliusahau kwa kuwa katika mtaa wake umeme hukatika mara kwa mara. Neno initramfs lenyewe humaanisha kwamba mfumo umeshindwa kuifikia au kuisoma sehemu yake kuu ya diski. Dawa inayotolewa mara nyingi ni amri ya "fsck", ambayo huikarabati diski. Msaidizi makini haianzi hiyo. Humwomba kwanza mwenzake aiwashe mashine kwa Linux iliyomo kwenye flashi, anakili tasnifu na picha za familia kwenye diski nyingine, kisha ndipo ukarabati uanze. Diski inayokufa huweza kumalizwa na ukarabati.

Upatanisho wa kisarufi

"Hakiwaki" na "haiwaki" ni hitilafu mbili. Kiambishi ki- kinataja kiwambo. I- inataja mashine. Kompyuta ambayo feni yake inavuma huku kiwambo kikiwa cheusi haijakufa: huenda mwanga wa kiwambo umezimika, au programu ya kuonyesha picha imeharibika, na faili zote ziko salama. Katika Kiswahili cha mazungumzo cha sehemu nyingi za bara la Kenya, Garissa ikiwemo, vitu vingi hupewa i- bila kujali ngeli: kiwambo inawaka, kitufe imevunjika. Si haki kumcheka anayesema hivyo, na hata wazungumzaji wa Kiswahili tangu utotoni husema hivyo Nairobi. Lakini anapokuwa kwenye simu na kuondoa nomino pia, "haiwaki" yake haina mwenyewe. Asiye na uhakika wa ngeli na aitaje nomino kila mara. Sentensi itakuwa ndefu, lakini mashine itapona.

Ruhusa na ulinzi

Usalama wa kompyuta una msamiati wake wa Kiswahili, na baadhi ya maneno yake ni ya zamani. Kudukua kulikuwa kuchunguza siri za watu muda mrefu kabla ya mdukuzi kupata kibodi. Nywila imekwisha kuzoeleka. Kinachohitaji mafunzo ni kauli ya kutendea. "Nimemfungulia" na "nimempa nywila afungue" ni matendo mawili tofauti kabisa. Katika la kwanza mwenye mashine ameketi penye kibodi, anaona kila linalofanywa. Katika la pili ametoa ufunguo. Rafiki aliye Eldoret hahitaji ufunguo ili kusaidia. Anahitaji mtu wa kumsomea batli. Ikiwa ilibidi nywila itolewe, ibadilishwe siku hiyohiyo kwa amri ya "passwd". Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta inakufanya kuingia katika mfumo wa mwingine bila idhini kuwa kosa, kwa hiyo ruhusa iliyotamkwa waziwazi humlinda msaidizi vilevile.

Linux yenyewe imejengwa juu ya ruhusa. Kila faili ina ruhusa tatu, kusoma, kuandika na kutekeleza, na hutolewa kwa makundi matatu: mwenyewe, kundi lake na wengine. Ushauri mbaya unaosambaa kwa kasi kuliko mwingine wote ni ule wa "chmod 777", unaotoa ruhusa zote tatu kwa wote watatu. Hitilafu hutoweka kweli, kama vile mlango uliokwama unavyoacha kusumbua ukishang'olewa. Vivyo hivyo amri inayoanza na "sudo" hutendwa kwa mamlaka ya msimamizi wa mashine, na hakuna wa kuizuia. Kanuni inayofaa kwa wanaosaidiana ni kwamba kila amri itumwe pamoja na sentensi yake ya Kiswahili: "hii inasoma tu", "hii inaandika upya", "hii inafuta na haitauliza". Msaidizi asiyeweza kuitunga sentensi hiyo haielewi amri aliyoituma, na mpokeaji ana haki ya kutoigusa.

Yaliyobaki katika ulinzi wa kila siku ni machache. Programu zisasishwe kila mtandao unaporuhusu. Ngome ya Ubuntu, ambayo huja ikiwa imelala, iamshwe kwa "sudo ufw enable" ili maombi ya kuingia kutoka nje yakataliwe. Kila mwanafamilia awe na akaunti yake, isiyo ya msimamizi. Anayebeba kipakatalishi kwenye basi la Nairobi achague usimbaji wa diski nzima wakati wa kusakinisha, akijua kwamba akiisahau nywila hiyo hakuna rafiki wa kumfungulia. Flashi nazo zina jambo la kuzingatiwa, hasa pale zinapozunguka kati ya ofisi, shule na vibanda vya uchapaji: kirusi kilichotungwa kwa ajili ya Windows kwa kawaida hakimdhuru mtumiaji wa Linux, ila hubebwa naye hadi kwa jirani. Na batli, kabla ya kutumwa, isomwe yote. Ndani yake huweza kuwemo jina la mwenye mashine, jina la mtandao wa nyumbani, na pengine nywila iliyoandikwa kimakosa mahali pa jina.

Zoezi la darasani

Mwalimu wa sarufi anaweza kulijaribu hili bila maabara. Darasa ligawanywe wawiliwawili, wakae wakipeana mgongo. Mmoja apewe karatasi yenye batli ya mashine iliyokatika ghafla, au picha ya kipakatalishi chenye kiwambo cheusi na taa ya betri inayowaka. Aeleze anachokiona kwa sentensi tatu, asitumie "imekufa", "imegoma" wala "kwa sababu". Mwenzake aandike hitilafu anayoishuku. Kisha wageuke, walinganishe karatasi, na waitafute silabi iliyowapoteza.