Mtoto Wako Atajifunza Nini Muhula Huu?



Shule zimefunguliwa. Mtoto wako wa Darasa la Tatu ameondoka asubuhi na madaftari yake. Mchana amerudi. Umemwuliza, "Leo mmejifunza nini?" Amejibu, "Tumesoma." Mazungumzo yamekwisha hapo.

Wakati ule ulipokuwa hujui kusoma, usingeweza kuuliza zaidi. Sasa unaweza. Unaweza kufungua daftari na kuona mwenyewe. Katika somo hili tutatazama kazi za muhula mmoja wa Darasa la Tatu, hapa kwetu Tabora. Soma pole pole. Ukichoka, pumzika, kisha endelea.

JEDWALI LA MWALIMU

Muhula wa kwanza huanza Januari na kumalizika karibu na mwezi Juni. Katikati yake kuna likizo fupi. Kabla ya muhula kuanza, kila mwalimu huandika azimio la kazi. Azimio la kazi ni karatasi inayoonyesha mwalimu atafundisha nini, katika wiki gani, na kwa vipindi vingapi.

Azimio halina siri. Mzazi anaweza kumwendea mwalimu na kuomba alione. Lakini usiende wakati mwalimu yuko mbele ya watoto. Nenda saa za mapumziko, au baada ya masomo.

Darasa letu la kisomo hukutana jioni katika chumba cha Darasa la Tatu. Tunakalia madawati ya watoto, na magoti yanagonga meza. Siku moja mwalimu wa darasa hilo alitubandikia azimio lake ukutani. Mama mmoja alilitazama akasema, "Mbona limefumwa kama mkeka?" Alisema kweli. Jedwali ni kama mkeka. Kuna safu zinazokwenda chini na safu zinazokwenda kando. Ukitaka kujua mtoto atafanya nini wiki ya tatu ya Februari, weka kidole cha kushoto kwenye neno Februari. Shuka mpaka wiki ya 3. Halafu telezesha kidole kwenda kulia. Pale kinapokutana na safu ya kazi, ndipo penye jibu.

Tulifanya zoezi hilo jioni nzima. Wengine walipotea njia wakaangukia mwezi Machi. Si neno. Hata kusoma ratiba ya treni huanza hivyo.

MASOMO YENYEWE

Katika Kiswahili, watoto watasoma habari na kujibu maswali. Wataandika sentensi zinazofuatana, mpaka ziwe habari fupi. Katika Kiingereza watajifunza maneno ya nyumbani na ya shuleni. Usiogope somo hili kwa sababu hukijui Kiingereza. Mwambie mtoto akufundishe maneno matano kila wiki. Anayefundisha hujifunza mara mbili.

Katika Sayansi watasoma habari za mwili, maji safi na magonjwa. Katika Jiografia na Mazingira watajifunza pande za dunia na kuchora ramani ya shule. Kuna pia Sanaa na Michezo, na vipindi vya dini.

Nataka tukae zaidi kwenye masomo mawili: Hisabati, na Historia ya Tanzania na Maadili.

HISABATI YA WAPAGAZI

Muhula huu watoto watazidisha na kugawanya. Mwalimu wetu hapendi mifano ya machungwa peke yake. Yeye hutumia mambo ya mahali petu.

Zamani, kabla ya reli, mizigo ilibebwa na watu. Watu hao waliitwa wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili. Frasila moja ni karibu kilo 16. Basi mpagazi mmoja alibeba karibu kilo 32 begani au kichwani, siku baada ya siku.

Sasa tuhesabu. Wapagazi 25, kila mmoja frasila 2. Hizo ni frasila 50. Frasila 50 mara kilo 16 ni kilo 800.

Hesabu nyingine. Kutoka Bagamoyo mpaka Tabora ni karibu kilomita 800. Msafara ukitembea kilomita 16 kwa siku, utafika baada ya siku ngapi? Gawanya 800 kwa 16. Jibu ni siku 50. Lakini misafara mingi haikufika kwa siku 50. Stanley, mwandishi wa gazeti, aliondoka Bagamoyo mwezi Machi 1871, akafika Unyanyembe mwezi Juni. Hiyo ni miezi mitatu. Kwa nini? Kwa sababu watu waliugua, mvua ilinyesha, mito ilijaa, na wapagazi walihitaji kupumzika na kutafuta chakula. Hesabu ya kwenye karatasi haina matope. Mwalimu anataka watoto waligundue jambo hilo wenyewe.

MADAFTARI MAWILI

Hapa nitaeleza jambo lililotokea katika darasa letu. Mwenyewe ameniruhusu, ila jina lake silitaji.

Mwanakisomo huyu ni mkulima wa tumbaku. Kama mjuavyo, muhula wa kwanza huangukia katikati ya kazi za shamba. Mwezi Februari majani huanza kuiva. Huvunwa, hufungwa kwenye fito, hukaushwa ndani ya bani. Mikono haitoshi. Baba huyu alimtoa binti yake shuleni "kwa siku chache".

Siku moja tulikuwa tunajifunza kusoma tarehe. Niliwaambia kila mtu alete daftari la mtoto wake. Yeye alileta la binti yake la Hisabati. Jirani yake alileta la mwanawe, ambaye yuko darasa lile lile. Wakayaweka kando kwa kando. Katika daftari la binti, ukurasa mmoja ulikuwa na tarehe 14/2. Ukurasa uliofuata ulikuwa na tarehe 24/3. Baba akafunua tena, akidhani kurasa zimegandana. Hazikugandana. Akahesabu kwa vidole. Wiki tano. Kila wiki ina siku tano za masomo. Tano mara tano ni siku 25.

Katika daftari la jirani, kati ya tarehe hizo mbili, kulikuwa na kurasa nyingi za kuzidisha.

Kisha akaona hesabu ya binti yake ya tarehe 24/3. Ilikuwa 24 mara 3. Binti ameandika 612. Mwalimu ameweka alama ya kosa kwa wino mwekundu. Baba alilitazama kosa lile kwa muda mrefu. Akaona lilikotoka. Mtoto amezidisha 4 mara 3, akapata 12, akaandika 12 yote. Halafu 2 mara 3 ni 6, akaliweka mbele. Hakujua kubeba. Ilipaswa aandike 2, abebe 1. Kisha 2 mara 3 ni 6, na 1 aliyoibeba ni 7. Jibu ni 72.

"Hili tumelisoma hapa mwezi uliopita," alisema. Ni kweli. Yeye mwenyewe alikuwa amelikosea mara nne.

Usiku ule alikaa na binti yake mbele ya bani, wakiangalia moto usizimike. Alimfundisha kubeba, kwa kuchora chini kwa kijiti. Aliniambia kwamba binti alishangaa kuliko yeye. Hakujua kuwa baba anaweza.

Sisemi mtoto asishike kazi ya nyumbani. Sare na madaftari hununuliwa kwa fedha ya tumbaku hiyo hiyo, na mtoto wa mkulima lazima ajue kulima. Lakini kazi ina Jumamosi, na ina saa za jioni. Kipindi cha kubeba kikipita, mwalimu hakirudii kwa mtoto mmoja. Ana watoto wengi sana mbele yake, na azimio lake linamsukuma. Na mwaka unaofuata, Darasa la Nne, kuna upimaji wa taifa. Yule baba sasa humwacha binti aende shule kila siku, naye hufunga majani baada ya masomo. Kaka yake mkubwa bado hajarudi darasani. Tunaendelea kuzungumza.

NJIA YA MISAFARA

Somo la Historia ya Tanzania na Maadili lilianza kufundishwa katika Darasa la Tatu mwaka 2024, mtaala mpya ulipoanza. Mwalimu wetu ametenga wiki nne kwa habari za mahali tunapoishi. Hapo watoto watahitaji msaada wako kuliko katika somo lolote lingine.

Watajifunza kwamba katika karne ya 19 njia kubwa ilitoka Bagamoyo, pwani, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe. Unyanyembe ndiko uliko mji wa Tabora. Hapa njia iligawanyika. Moja ilikwenda magharibi mpaka Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika. Nyingine ilikwenda kaskazini, kuelekea Karagwe na Buganda.

Wako wanaodhani njia hii ilifunguliwa na wageni. Sivyo. Wanyamwezi walikuwa wakienda pwani kufanya biashara kabla Waarabu hawajajenga makao yao hapa. Wazungu Burton na Speke walifika mwezi Novemba 1857, na waliongozwa na watu walioijua njia. Kiongozi wa msafara aliitwa kirangozi. Yeye alitangulia mbele, na wengine walimfuata kwa mstari mmoja.

Kutoka bara zilikwenda pembe za ndovu. Kutoka pwani zilikuja nguo, shanga, waya, bunduki na baruti. Nguo moja nyeupe iliitwa merikani, kwa sababu ilitoka Marekani. Bibi zetu walilitumia jina hilo bila kujua asili yake.

Na watumwa walipita pia. Jambo hili ni zito, lakini watoto wanapaswa kulijua. Watu walitekwa vitani au waliibiwa, wakauzwa, wakatembezwa mpaka pwani. Wengine walibakizwa hapa hapa kulima mashamba ya matajiri. Wauzaji hawakuwa wageni peke yao. Mtoto anaweza kurudi nyumbani na kuuliza kama ukoo fulani kijijini ulitokana na watumwa. Mjibu kwa upole kwamba swali hilo haliulizwi hadharani, na kwamba aibu ya biashara ile ni ya aliyeuza na aliyenunua.

Watasoma habari za Mtemi Mirambo wa Urambo, ambaye mwaka 1871 alipigana na Waarabu wa Tabora na kuifunga njia ya Ujiji. Alifariki mwaka 1884. Watasoma pia habari za Mtemi Isike wa Unyanyembe. Wajerumani walipoivamia ngome yake Januari 1893, aliwasha baruti ndani yake ili asikamatwe.

Katika sehemu ya Maadili kuna neno moja la kujadili. Neno hilo ni hongo. Siku za misafara, hongo ilikuwa ushuru ambao msafara ulimlipa mtemi ili upite katika nchi yake. Ilidaiwa wazi, na watu walijadiliana kiasi chake. Leo hongo ni rushwa, nayo hutolewa gizani. Watoto watajadili tofauti hiyo. Watu wazima nasi tuijadili.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Baada ya hapo treni ilibeba mizigo iliyokuwa ikibebwa na maelfu ya mabega. Lakini alama zimebaki. Kule Kwihara, nje kidogo ya mji, ipo tembe ya makumbusho mahali ambapo Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872. Mwaka 2006 njia hii iliingizwa katika orodha ya mapendekezo ya UNESCO, na Kwihara ni mojawapo ya mahali palipotajwa.

Katika wiki ya tatu ya mada hii, mtoto ataleta nyumbani maswali matatu: Wazee wetu walitoka wapi? Nani katika ukoo aliwahi kubeba mizigo, au kusimuliwa habari za wapagazi? Je, kuna mti, kisima au njia ya zamani karibu nasi?

Tafadhali usimwambie, "Mimi sikusoma, kamwulize mwalimu." Mwalimu ametoka mkoa mwingine. Yeye ndiye anayekuuliza wewe. Kama bibi au babu yuko hai, mpeleke mtoto kwake na daftari. Bibi aseme, mtoto aandike, nawe usome baadaye uone kama ameandika sawa.

MASWALI

1. Azimio la kazi ni nini? Nani huliandika?

2. Wapagazi 40 walibeba frasila 2 kila mmoja. Jumla ni frasila ngapi? Ni kilo ngapi?

3. Fanya hesabu hii kwa kubeba: 36 mara 4.

4. Kwa nini misafara ilichelewa kufika Tabora?

5. Jadilianeni katika kikundi: Wakati wa tumbaku, mtoto afanye kazi zipi, na saa ngapi?

6. Kazi ya nyumbani. Fungua daftari la mtoto wako. Andika tarehe tano za mwisho ulizoziona. Lete karatasi hiyo darasani wiki ijayo.

Majibu ya hesabu: swali la 2 ni frasila 80, yaani kilo 1,280. Swali la 3 ni 144.