SOMO LA ROBO HII: SPRINGI ZA MILANGO YA SHATA



Sharika nyingi za pwani, kuanzia Bunju hadi Bagamoyo, hupangisha vyumba vya maduka. Milango yake mara nyingi ni shata za bati zinazojiviringisha juu. Kama ilivyo kwa milango ya gereji za nyumbani, uzito hubebwa na springi iliyokazwa.

Uchakavu: Springi ya kawaida ya gereji huhimili kufungua na kufunga mara 10,000 hivi. Ukifungua mara nne kwa siku, ni miaka saba tu. Kutu ya hewa ya chumvi hupunguza muda huo.

Dalili: Mlango huwa mzito au hupanda upande. Upandishe nusu, polepole, mtu asisimame chini yake. Usipotulia, springi imechoka.

Matunzo: Futeni vumbi, pakeni mafuta mepesi kila miezi mitatu.

Tahadhari: Springi iliyokazwa ikifyatuka huvunja mkono. Tusimwachie mlinzi au kijana wa kwaya aifungue kwa spana ili kuokoa fedha. Aitwe fundi mzoefu. Zikiwa mbili, zibadilishwe zote, maana zimechoka pamoja.

Tunashauri kila kamati itenge fungu la matengenezo kutoka kodi ya vyumba. Mfadhili husaidia kujenga. Kutunza ni uwakili wetu.

Tujadili: Shata zetu ziliwekwa mwaka gani? Hufunguliwa mara ngapi kwa siku? Nani anaandika matengenezo?