SOMO: Vyombo vya Bei Nafuu vya Kutengenezea Urwagwa Nyumbani



Wengi wetu hapa Kamembe, wa viwandani, wa mashamba ya chai ya Shagasha na wa mpunga wa Bugarama, tuna migomba nyuma ya nyumba. Hata hivyo siku ya mshahara tunakwenda kununua bia ya chupa, na pesa ya chumvi na sabuni inaishia huko. Ndiyo maana ndugu wengi wanauliza: mtu anayetaka kuanza kutengeneza urwagwa wake mwenyewe anahitaji vyombo gani, na atavipata wapi kwa bei anayoiweza? Somo hili linajibu swali hilo. Lisomwe kwa sauti katika kikundi, kisha lijadiliwe.

1. Kwanza tuijue kazi

Ndizi za pombe huvundikwa katika shimo lililopashwa moto na kutandikwa majani ya migomba, yaani urwina. Hukaa humo siku 3 hadi 6 mpaka ziive. Kisha humenywa na kukandwa pamoja na majani makavu, mpaka maji yake yatoke. Maji hayo huchujwa, huongezwa maji safi kidogo na unga wa mtama uliokaangwa, hufunikwa na kuachwa siku 2 au 3 yachachuke.

Basi kazi ni nne: kuivisha, kukamua, kuchuja na kuchachusha. Mwenye kuijua kazi hadanganywi na mwuza vyombo.

2. Vyombo vya lazima

(a) Shimo. Hili ni bure. Linataka jembe, majani na kuni kidogo.

(b) Chombo cha kukamulia. Wazee wetu walitumia umuvure, mti uliochongwa kama mtumbwi. Umuvure mpya ni ghali, lakini hakuna haja ya kila nyumba kuwa na wake. Mwenye nao aombwe au alipwe kidogo. Asipopatikana, beseni kubwa la plastiki la kuwekea chakula latosha.

(c) Kitambaa cha kuchujia. Pamba nyeupe, isiyo na rangi inayochuja, ichemshwe kabla ya kila kazi.

(d) Jerikeni mbili za lita 20 zilizokuwa na mafuta ya kupikia. Moja ni ya kuchachushia. Itiwe lita 15 tu, maana povu linataka nafasi. Ya pili ni ya kuhifadhia pombe ikishachujwa.

(e) Sufuria ya nyumbani. Urwagwa haupikwi, kwa hiyo maji tunayoongeza lazima yawe yamechemshwa yakapoa. Maji ya ziwa Kivu au ya mto yakitiwa mabichi, maradhi ya tumbo huingia pamoja nayo.

(f) Mwiko wa mti.

Jerikeni ya mafuta ioshwe kwa maji ya moto na sabuni, mara tatu au zaidi, mpaka harufu iishe. Tusiisugue kwa mchanga, maana mikwaruzo huficha uchafu ambao hautoki tena. Wakati wa kuchachuka tusikaze kifuniko. Pombe inapochachuka hutoa hewa nyingi, na jerikeni iliyofungwa kabisa huvimba ikapasuka. Kitambaa safi kilichofungwa mdomoni chatosha.

Mtungi wa udongo ni chombo kizuri cha asili, nao huipoza pombe. Lakini huvunjika upesi, na ukuta wake hunyonya, hivyo kuusafisha ni kazi. Kipimajoto na kipimo cha ukali wa pombe havihitajiki kwa mwanzo.

3. Chombo cha bure chenye hatari

Hapa ndugu tusikilize vizuri. Mfanyakazi asiye na pesa hutazama kwanza vitu vinavyotupwa kazini: jerikeni za dawa za wadudu na za magugu, ndoo za rangi, mapipa ya mafuta ya mashine. Ni imara, ni kubwa, na hazilipiwi. Zikataliwe zote.

Plastiki hunyonya dawa. Hata tukiosha mara kumi na harufu ikatoka, dawa iliyoingia ndani ya ukuta inabaki, nayo hurudi taratibu katika kinywaji. Kutoboa jerikeni ya dawa ili isitumike tena ni akili, wala si hasara.

Ndoo na mapipa ya bati lililopakwa zinki pia hayafai. Urwagwa una uchachu, na uchachu huila zinki. Anayekunywa pombe hiyo huweza kutapika na kuumwa tumbo siku hiyo hiyo.

Pipa la chuma kitupu nalo lina historia yake. Mwaka 1929 daktari aitwaye Strachan aliandika juu ya watu wa kusini mwa Afrika ambao ini zao zilikutwa zimejaa chuma kupita kiasi. Watafiti waliofuata walionyesha kwamba sehemu kubwa ya chuma kile ilitoka katika pombe ya kienyeji iliyotengenezwa ndani ya vyombo vya chuma. Wanywaji hawakuugua kwa siku moja. Waliugua baada ya miaka mingi, ini likiwa limeharibika.

Sufuria ya aluminiamu yafaa kuchemshia maji, lakini pombe isilale ndani yake.

Kanuni ni moja: chombo ambacho hatujui kilibeba nini, tukihesabu kuwa ni cha sumu. Tukiona chini yake alama ya bilauri na uma, tunajua kiliundwa kwa chakula. Lakini hata hapo tuulize kilitiwa nini baadaye.

4. Jambo hili ni la chama pia

Mlinzi wa ghala anayegawa jerikeni tupu za dawa huonekana mwema, kumbe anagawa sumu. Wala kosa si lake peke yake. Mwaka 2001 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 184 juu ya usalama katika kilimo. Kifungu cha 12 chataka pawe na utaratibu wa kukusanya na kuondoa vyombo vitupu vya kemikali, ili visitumiwe kwa kazi nyingine. Wajumbe wetu waulize kila shambani: jerikeni tupu zinahesabiwa? Zinatobolewa? Zinapelekwa wapi?

5. Tununue pamoja

Tuhesabu. Kukamua na kuchachusha huchukua siku 4, na kuosha na kukausha siku 1. Jumla siku 5. Mwezi una siku 30, basi seti moja ya vyombo yaweza kuhudumia nyumba 6, kila moja mara moja kwa mwezi. Nyumba moja ikinunua peke yake, vyombo hulala siku 25. Nyumba 6 zikichanga, kila moja hulipa sehemu ya sita.

Kabla ya kununua, kikundi kitume watu wawili kuuliza bei katika soko la Kamembe. Wanaopenda kununua Bukavu, ng'ambo ya Rusizi, wahesabu pia nauli na ushuru wa mpakani. Kiwepo daftari: nani amechukua, siku gani, na je, amerudisha vikiwa safi?

Tuongeze maonyo matatu. Vyombo vya kukeneka havimo katika somo hili: kanyanga imekatazwa na sheria ya Rwanda, na imewapofusha na kuwaua watu. Anayetaka kuuza urwagwa kwa chupa aulize kwanza ofisi ya sekta na Shirika la Viwango la Rwanda. Na anayeingia zamu ya mashine asinywe kabla.

Maswali ya kujadiliana

1. Nyumbani kwetu kuna jerikeni ngapi ambazo hatujui zilibeba nini?
2. Kazini kwetu vyombo vitupu vya kemikali huishia wapi, na nani atapeleka jambo hili kwa mwajiri?
3. Ni nyumba gani sita zilizo tayari kuchanga, na nani atashika daftari?