Chakula cha Usiku na Haki ya Mke Aliye Ugenini

Tumeulizwa na wazazi kadhaa wa pwani, ambao mabinti zao wameolewa wakahamia Kitengela, suala ambalo kwa sura ni dogo na kwa ndani ni kubwa. Wasema: Mwanetu hapungukiwi na kitu. Nyumba anayo, chakula kimo, nguo anavishwa, wala mume hampigi wala hamtukani. Lakini kila apigapo simu hulia, na akiulizwa kisa hujibu kuwa yu peke yake. Jee, mume huyu ana deni lolote kwa mkewe, au huu ni udeko wa mtoto aliyezoea kwao?

Yafaa kwanza tuujue mji wenyewe, kwani mwenye kutoa hukumu asiyejua mahali hukosea. Kitengela imo katika Kaunti ya Kajiado, kusini ya Nairobi kwa kiasi cha kilomita 30, kando ya barabara iendayo Namanga kwenye mpaka wa Tanzania. Ukiendelea na barabara hiyo utafika Kajiado mjini, makao makuu ya kaunti. Zamani Kitengela ilikuwa malisho ya Wamaasai. Leo ni mji wa magorofa, na hisabu ya mwaka 2019 ilikuta humo watu zaidi ya 150,000. Wengi wao hufanya kazi Nairobi au katika viwanda vya Athi River, na wamekaa Kitengela kwa kuwa kodi za nyumba ni nafuu kuliko Nairobi. Basi mume hutoka alfajiri ili asikwame katika msongamano wa magari, na hurejea baada ya Magharibi, pengine baada ya Isha. Mchana mzima ni wa mke na kuta zake nne.

Sasa tutazame desturi aliyotoka nayo mume huyu kwao. Katika miji yetu ya pwani, mwanamume akisha kusali Isha hutoka akaenda barazani, akanywa kahawa na wenziwe, akarudi usiku umekwisha kuwa mwingi. Hapana aliyemlaumu, wala mkewe hakujiona ameachwa. Kwa nini? Kwa sababu mume alipotoka, nyumba haikuwa tupu. Alikuwamo mama mkwe, walikuwamo mawifi, na kwa mlango wa uani waliingia majirani, huyu na sahani ya mkate wa sinia, huyu na habari ya harusi. Mume alikuwa mmoja tu katika watu wengi waliomliwaza mke yule. Alipoondoka yeye, walibaki wengine.

Mume huyo amekwenda Kitengela akaichukua desturi ya baraza, lakini hakuweza kuichukua nyumba ya mamake wala mtaa wa kwao. Jioni akitoka kazini hupitia kwa rafiki zake. Jumamosi huenda nao kwenye nyama choma, ambayo mji ule umesifika kwayo, kwa kuwa uko katika nchi ya wafugaji. Hula huko akashiba. Nyumbani mke amepika wali wa nazi, na nazi yenyewe imetoka mbali na kununuliwa kwa bei. Amefunika chakula kwa kawa, akangoja mpaka kikapoa. Mume aingia na kusema: Mimi nimekwisha kula, kula wewe. Kwa neno lake hilo hakusudii ubaya, kwani hivyo ndivyo alivyomwona babake akifanya. Lakini jambo ni lile lile, na mahali si pale pale. Kilichoiondolea desturi ile madhara ni jamaa waliobaki nyumbani, na jamaa hao sasa wako zaidi ya kilomita 450.

Na hapa ndipo ilipo darsa yetu. Mwenyezi Mungu katika Suratun Nisaa, aya ya 19, amewaamrisha waume wakae na wake zao kwa maarufu. Maarufu ni wema unaojulikana kuwa ni wema na watu wenye akili. Mafakihi nao wameweka kanuni kwamba ada hurejewa katika hukumu, na Ibnul Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, ameandika mlango mzima kuonyesha kuwa fatwa hugeuka kwa kugeuka zama, mahali na hali za watu. Basi asiseme mtu, wazee wetu walifanya. Wazee wetu walifanya mahali ambapo kufanya kwao hakukumdhuru mtu.

Wengine watasema: Mke haki yake ni nafaka, na nafaka ametimiziwa. Twawajibu kwa kitabu kile kile kilichosomeshwa mno katika darsa za pwani yetu, nacho ni Minhaj cha Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277. Humo imewekwa nafaka ya kila siku kuwa vibaba viwili kwa mume mwenye wasaa, kimoja na nusu kwa wa katikati, na kimoja kwa mwenye dhiki. Chakula hicho kiwe katika chakula kikuu cha mji wanaokaa, pamoja na kitoweo, na gharama ya kusaga na kuoka ni juu ya mume. Kisha Imam akataja jambo ambalo wasomaji wengi hulipita mbio: mke akila pamoja na mumewe kama ilivyo ada, nafaka ile imekwisha kutimia kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Tazama basi. Kibaba cha kupimwa ni kwa siku ya ugomvi, watu wanapokwenda kwa kadhi. Siku za amani, ada iliyojulikana ni sinia moja na mikono miwili.

Tena mafakihi hawakusahau upweke. Wanavyuoni wa Kihanafi wamezungumza juu ya mwenzi wa kumliwaza mke ambaye nyumba yake haina majirani, kama ni wajibu mume amletee au si wajibu. Ibn Abidin wa Damascus, aliyefariki mwaka 1836, aliona kuwa jambo hilo hutafautiana kwa watu na kwa makao. Sisi ni Mashafii, lakini hekima ni yenye kufaa popote ilipo. Na gorofa yenye milango 40 ambayo hapana anayemjua mwenziwe, kwa mke mgeni yaweza kuwa sawa na nyumba isiyo jirani.

Na ikiwa mtu ataona haya ni mambo ya dunia tu, naikumbukwe khabari ya Salman na Abu Dardaa, iliyomo katika Bukhari. Abu Dardaa alikuwa akifunga mchana na kusali usiku kucha hata mkewe akawa hana hamu ya kujipamba. Salman alimwambia kuwa Mola wake ana haki kwake, na nafsi yake ina haki, na watu wa nyumbani mwake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Bwana Mtume (s.a.w.) alipoelezwa, alisema Salman amesema kweli. Ikiwa swala ya usiku haikumtoa Abu Dardaa katika deni la mkewe, jee, itamtoa mtu nyama ya kuchoma na mazungumzo ya mpira?

Yeye Bwana Mtume (s.a.w.) alikuwa na kazi kuliko sisi sote. Lakini imepokewa katika Muslim kwamba Bibi Aisha akinywa hupokea yeye chombo na kuweka mdomo wake pale pale alipoweka Bibi Aisha. Na imepokewa kwamba alikaa akamsikiliza Bibi Aisha akimsimulia kisa kirefu cha wanawake 11 na waume zao, wala hakumkatiza. Wale wanaoona kuwa ni fedheha mwanamume kula na mkewe, na kuwa mwanamke hula makombo baada ya wanaume, hiyo ni desturi tu, haina mzizi katika dini.

Hatusemi mume aache rafiki zake. Ugenini rafiki ndiye ndugu: ukiugua ndiye akupelekaye hospitali, na ukifiwa ndiye asimamaye nawe. Wala hatusemi mke hana lake la kufanya. Basi nasaha zetu ni hizi.

Kwanza, mume aweke siku zake za rafiki zijulikane, na siku nyingine chakula cha usiku kiwe nyumbani, hata kikiwa ugali na sukuma wiki. Akichelewa njiani, apige simu kabla chakula hakijapoa. Na nyama choma, mara nyingine ainunue aje nayo nyumbani, au awaalike rafiki zake pamoja na wake zao. Wanawake nao watajuana, na upweke utavunjika kwa wengi.

Pili, mke asidai wali wa nazi kila siku ilhali mkono wa mume ni mfupi na mji ule chakula chake ni kingine. Wala mume aingiapo asimkute ameinamia simu. Kisha mke atoke kwa jirani zake. Bwana Mtume (s.a.w.) alimwusia Abu Dharri akipika mchuzi aongeze maji ili wapate majirani, na Abdallah bin Amr alipochinja mbuzi aliuliza kama jirani yake Myahudi amepelekewa. Basi Mkamba, Mkikuyu na Mmaasai wa mlango wa pili wana haki hiyo, wakiwa Waislamu au si Waislamu.

Tatu, wazazi nanyi msipige simu kila usiku saa ya chakula, wala msimtie mwanenu maneno. Kaeni naye wiki mbili mkiweza. Tangu mwaka 2017 kuna treni mpya baina ya Mombasa na Nairobi, na safari si ya kuogopwa kama zamani.

Jawabu letu kwa ufupi, basi, ni hili: ndiyo, mume huyo ana deni, wala kilio cha binti yenu si udeko. Deni hilo halilipwi kwa fedha. Hulipwa kwa kukaa chini, kunawa mikono, kusema Bismillahi, na kumwuliza mkewe mchana wake ulikwendaje, kisha kungoja jawabu.

Wabillahi tawfiq.