Tone la Dawa Jichoni: Nanoteknolojia na Watoto Wenye Mzio Sugu wa Macho

Jicho liko wazi mbele ya tabibu kuliko viungo vingi vya mwili, na bado ni miongoni mwa viungo vigumu kufikiwa na dawa. Tone moja kutoka kwenye kichupa huwa na maikrolita 30 hadi 50, ilhali machozi yanayolilowesha jicho kwa kawaida ni takribani maikrolita 7 tu. Kinachozidi humwagika shavuni au hupitia mfereji wa machozi hadi puani na kooni. Ndiyo sababu mgonjwa huhisi uchungu wa dawa ulimini muda mfupi baada ya kudondoshewa jichoni. Kwa dawa nyingi, kiasi kinachoingia ndani ya jicho hakifikii asilimia 5.

Hicho kidogo kinachobaki hukutana na konea, kioo cha mbele cha jicho, chenye unene wa kama nusu milimita. Tabaka lake la nje lina asili ya mafuta na huzuia dawa zinazoyeyuka katika maji. Tabaka la kati, ambalo ndilo sehemu kubwa ya unene huo, limejaa maji na huzuia dawa zenye asili ya mafuta. Dawa zinazopatana na matabaka yote mawili ni chache.

Ugumu huu si wa nadharia tu. Katika nchi zenye joto, Afrika Mashariki ikiwemo, watoto wengi, hasa wavulana, huugua mzio sugu wa macho: macho huwasha mno, huwa mekundu, hutoa utando mzito wa ute, na upande wa ndani wa kope la juu huota vinundu vinavyoweza kuikwaruza konea. Matone ya steroidi huleta nafuu haraka, na hapo ndipo hatari inapoanzia. Mzazi akiona nafuu hurudi dukani kununua kichupa kingine bila kumwona daktari. Steroidi zikitumika kwa miezi zinaweza kupandisha presha ya jicho na kusababisha mtoto wa jicho. Mshipa wa fahamu wa jicho ukishaharibiwa na presha haurudi, na mara nyingi mtoto hasikii maumivu yoyote ya kumtahadharisha.

Siklosporini hutuliza mzio huo bila kupandisha presha. Tatizo lake ni kwamba haiyeyuki katika maji, na ikichanganywa na mafuta ya kawaida huunguza jicho na kutia ukungu. Wataalamu waliitia ndani ya vitone vya mafuta vyenye upana wa kati ya nanomita 150 na 300, vilivyotawanywa katika maji. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Chembe nyekundu ya damu ina takribani nanomita 7,000. Vitone hivyo vilipewa chaji chanya, na kwa kuwa ute unaofunika jicho una chaji hasi, hunasa hapo badala ya kuoshwa na machozi. Dawa ya namna hii kwa ajili ya mzio huo iliidhinishwa Ulaya mwaka 2018 na Marekani mwaka 2021. Bei yake bado ni kikwazo kikubwa, na kwa kuwa siklosporini hufanya kazi polepole, steroidi za muda mfupi chini ya uangalizi zingali na nafasi ugonjwa unapopamba moto.

Kwenye ngozi na vidonda hadithi ni tofauti. Ngozi nzima huzuia chembe nyingi za nano juu juu au kwenye vinyweleo. Kidonda hakina kizuizi hicho. Bandeji zenye chembe za fedha huua bakteria, lakini kuua bakteria si sawa na kuponya: utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2009 haukuona bandeji za fedha zikiharakisha kupona kwa vidonda vya miguu vitokanavyo na mishipa ya vena. Matangazo ya biashara hupenda kuliruka jambo hilo.

Kwa matone yaliyopo leo, tone moja latosha. Baada ya kudondosha, mgonjwa afumbe jicho na kubonyeza taratibu kona ya ndani, karibu na pua, kwa dakika moja au mbili, ili dawa isikimbilie puani. Kama kuna dawa ya pili, angoje dakika 5. Na mtoto anayetumia steroidi, hata akionekana mzima, apimwe presha ya macho kabla ya kuongezewa kichupa kingine.