Kabla hujarudisha ufunguo wa ofisi

Mdogo wangu, ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa mjini Bujumbura, mtaa wa Rohero, nikisubiri umeme urudi, mara ya pili nyumbani usiku, nimetulia. Una miaka 29. Mwaka wa sita sasa uko benki, una kiyoyozi na kiti cha kuzunguka, na bado kila asubuhi ukivuka geti kifua kinabana. Unataka kuacha, ubebe laputopu yako, ufanye kazi za watu wa nje huku ukitembea: Kigoma, Zanzibar, Nairobi, na Mungu akipenda mbali zaidi. Unaniuliza kama umechanganyikiwa. Hapana, hujachanganyikiwa hata kidogo. Nakujibu hapa mbele za wote kwa sababu si wewe peke yako unayeniuliza.

Watakwambia hayo ni mambo ya Wazungu. Waache waseme. Kiswahili hiki tunachoongea mimi na wewe hakikuota chenyewe kando ya Ziwa Tanganyika. Kilifika na misafara, na watu waliopita Tabora na Ujiji wakibeba mizigo na kufanya biashara. Mzee wa mtaa wa Buyenzi ambaye babu yake alitoka Ujiji au Manyema hawezi kushangaa kusikia mtu anatafuta riziki huku anatembea. Atakachouliza ni kimoja tu: mzigo wako utalipwa wapi, na kwa fedha gani? Nami swali hilo ndilo ninalokuuliza, kwa sababu katika ujumbe wako mrefu uliniandikia habari za fukwe, za uhuru, hata za begi utakalonunua, lakini hukugusa namna fedha zitakavyokufikia.

Ngoja nikusimulie. Nilipoacha ofisi, mteja wangu wa kwanza alikuwa Ubelgiji. Nilimfanyia tafsiri ya Kifaransa kwenda Kiswahili, kazi ya wiki tatu, akaridhika, akalipa siku hiyohiyo. Mimi nilikuwa nimepanga chumba Nairobi. Fedha zikakwama njiani wiki tano. Kampuni iliyokuwa inazipitisha ikataka hati baada ya hati, na kila nikituma moja wanadai nyingine. Mwenye nyumba alikuwa mama mwenye subira, lakini subira nayo ina kodi yake. Nilikula chapati na chai siku nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Kazi nilikuwa nayo, na mteja alikuwa mwaminifu. Nilichokosa ni njia ya fedha, na sikuwa nimeijaribu kabla ya kupanda basi.

Kwetu Bujumbura jambo hili lina uzito wa ziada, na wewe mtu wa benki unalijua kuliko mimi. Mei 2023 Benki Kuu ilishusha thamani ya faranga, dola moja ikatoka takriban faranga 2,100 ikapita 2,800 kwa mkupuo. Hata hivyo bei ya mtaani imebaki juu sana ya bei ya benki, na sokoni vitu vingi vinafuata bei ya mtaani. Sasa piga hesabu: mteja anakutumia dola 400, zinaingia benki kwa bei ya benki, halafu unakwenda kununua mafuta ya kula kwa bei inayofuata mtaa. Hapo ndipo wengi wanaumia. Sikutumi kwa wabadilishaji wa vichochoroni, kwanza ni kosa kisheria, pili nimeona watu wakiliwa mchana kweupe. Ninachokwambia ni kwamba bajeti yako uipige kwa bei ya benki. Kama kwa bei hiyo haitoshi, basi haitoshi, usijidanganye. Kisha, kwa kuwa uko ndani, muulize mwenzako wa dirisha la fedha za kigeni masharti ya akaunti ya dola: nani anaruhusiwa kutoa, kiasi gani, kwa hati zipi. Ukishatoka, maswali hayo utayauliza ukiwa kwenye foleni.

Na mkopo? Nina wasiwasi unao, kwa sababu watu wa benki hukopeshwa kwa riba ya wafanyakazi, na ndiyo maana wengi hawatoki. Chukua mkataba usome mistari midogo: siku unapoacha kazi riba inabaki ileile, inapanda, au deni lote linadaiwa kwa pamoja? Jibu linaweza kukusogeza mwaka mzima mbele. Nenda pia INSS, kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, ujue michango yako imefikia wapi, uwe na karatasi mkononi. Bima ya matibabu ya mwajiri itakoma, na malaria haiulizi kama uko likizo.

Upande wa kazi yenyewe sina hofu nawe. Unaongea Kirundi, Kifaransa, Kiswahili, na Kiingereza unajikokota vizuri. Mtu wa Paris au wa London hana mfuko huo. Kuna tafsiri, kuna kuandika maneno yaliyorekodiwa kwenye sauti, kuna kuhudumia wateja kwa simu na barua pepe, kuna hesabu za kampuni ndogo, na hilo la hesabu ndilo ningekusukumia kwa sababu ndilo ulilofanya miaka sita. Saa nayo iko upande wetu. Kipindi cha kiangazi cha Ulaya, saa ya Brussels na saa ya Bujumbura ni moja. Kipindi chao cha baridi tunawatangulia kwa saa moja tu. Wanapoingia ofisini nawe unakaa mezani, hakuna kukesha. Montreal ndiko kugumu, wao wako nyuma yetu saa sita au saba.

Basi fanya hivi: miezi mitatu, ukiwa bado kazini, tafuta mteja mmoja wa kweli. Umfanyie kazi jioni na Jumamosi, akulipe, fedha zifike mkononi mwako hapahapa. Uhakikishe kwanza kwamba mkataba wako wa benki haukukatazi kazi ya pembeni, na usitumie kompyuta ya ofisi, hata kwa dakika tano. Andika kila kitu kwenye daftari: umeahidiwa kiasi gani, umekatwa kiasi gani, umesubiri siku ngapi. Andika pia umeme ulikatika mara ngapi ukiwa katikati ya kazi. Ofisini kuna jenereta, ndiyo maana hujawahi kuhesabu. Katika nchi ambayo takriban mtu mmoja tu kati ya kumi ana umeme nyumbani, aliye na umeme mtaa wa Kinindo ana bahati, lakini Regideso, shirika la umeme, ikizima, mteja wa Brussels hajui Regideso ni nani. Intaneti imepata njia mpya tangu Starlink ilipofika Septemba 2024, ila kifaa kina bei na chenyewe kinataka umeme. Laini mbili za mitandao tofauti na betri nzuri vinatosha kuanzia.

Safari ya kwanza iwe fupi. Kigoma wiki mbili: Rumonge, Nyanza-Lac, Mabanda, mpaka wa Mugina, Manyovu, umefika. Ziwa ni lilelile, na samaki unawajua. Utagundua mapema kama unaweza kweli kukaa mezani kwa muda wa saa saba wakati upepo wa ziwa unakuita. Fika mchana, mdogo wangu, si usiku. Chumba kiwe na komeo la ndani, na mtu mmoja nyumbani ajue jina la nyumba ya wageni. Nauli weka na ya kubadilisha njia. Burundi ilipofunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda Januari 2024, waliopanga maisha yao juu ya basi la Kigali walijikuta hawana pa kupita.

Kuhusu vibali usibahatishe. Sisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tunaingia kwa wenzetu bila kulipia viza, lakini muhuri wa mgeni si ruhusa ya kufanya kazi. Kenya mwezi Oktoba 2024 ilianzisha kibali cha Daraja N, mahsusi kwa mtu anayeishi pale huku kazi na malipo yake vikitoka nje ya Kenya. Kina masharti ya kipato. Kama Nairobi itakuwa makao yako, soma masharti hayo kabla ya kulipa chumba.

Nimebakiza mama yako. Umeandika kwamba mshahara wako ndio unaolipia wadogo zako wawili shule, kisha ukaendelea na habari za Zanzibar kama umeruka dimbwi. Mimi nimesimama hapo kwenye dimbwi. Ada ya Septemba haisubiri fakitira ya mtu. Kwa hiyo akiba yako ya kwanza isiwe ya tiketi: weka ada ya mwaka mzima ya wale watoto, kwenye akaunti usiyoigusa, ndipo uanze kuhesabu akiba yako mwenyewe ya kuishi miezi sita. Ndiyo, itakuchelewesha. Pengine utaondoka mwakani badala ya mwezi ujao. Nimekuandikia kama ninavyomwandikia wa tumbo moja, siwezi kukuficha hilo.

Na usimwambie kwa simu. Nenda Jumapili, mle pamoja, umsaidie kuosha vyombo, watoto wakitoka nje mkae barazani nyinyi wawili. Atalia kidogo, atauliza utaolewa lini na nani, atataja binti wa jirani aliyekwenda Uarabuni. Usibishane naye. Mfungulie daftari, mwonyeshe ukurasa wa ada, kisha ukurasa wa malipo yaliyofika, mwezi kwa mwezi. Mama zetu walilea kwa kuuza ndagala na kuhesabu faranga kwenye kona ya kanga. Kurasa za namna hiyo wanazisoma haraka kuliko sisi. Akishamaliza kusoma, mwache yeye aulize.