Saratani ya Kongosho: Yaipasayo Kila Nyumba Kuyajua

Kongosho lilivyo

Ini twalijua, mafigo twayajua, na moyo hauna haja ya kutambulishwa. Lakini kongosho aghalabu hatulisikii mpaka siku tabibu alitajapo katika habari nzito. Nalo ni tezi laini, lenye urefu upatao sentimita 15, lililolala mkingamo nyuma ya mfuko wa tumbo, kichwa chake kikikumbatiwa na utumbo mwembamba na mkia wake ukielekea kwenye bandama. Hutoa maji ya kusagia chakula, hasa mafuta, na hutoa insulini iitawalayo sukari katika damu. Madhali limesitirika hivyo, uvimbe wake huweza kukua muda mrefu pasipo mkono kuupapasa wala mwenyewe kuuhisi, hata katika kila wagonjwa watano ni takriban mmoja tu ambaye maradhi yake hugunduliwa yangali yaweza kuondolewa kwa upasuaji.

Alama za kuangaliwa

Hapana kipimo cha kupimia watu wote wasio na dalili, kama wanawake wanavyopimwa shingo ya kizazi. Kwa hiyo ulinzi wa kwanza umo mikononi mwa wale wanaokula na mtu sinia moja na kulala naye chini ya paa moja.

Mfereji wa nyongo hupita katika kichwa cha kongosho, na uvimbe uotapo hapo huubana, nyongo ikakosa njia na kurudi katika damu. Ndipo weupe wa macho hugeuka manjano, mkojo ukawa kama chai ya rangi iliyokolea, choo kikapauka, kikawa na mafuta na kuelea juu ya maji, na ngozi ikamwasha mtu usiku kucha ilhali hana upele. Manjano haya mara nyingi huja bila ya maumivu, na kwa sababu hiyo watu huyadharau.

Alama nyingine ni maumivu ya chembe cha moyo yanayopenya mpaka mgongoni, yakizidi mtu alalapo chali na kupungua ainamapo mbele. Kukonda pasipo kukusudia, hata kanzu ya mwaka jana ikaning'inia mabegani. Na kisukari kinachozuka ghafula kwa aliyepita miaka 50, hasa ikiwa anakonda.

Tuchukue mfano wa mzee ambaye mwezi mzima huinuka kwenye sinia baada ya matonge mawili. Mkewe hudhani ni vidonda vya tumbo, jirani humshauri mwarobaini, na mwenyewe husema ni uzee. Kisha bintiye huja kumwamkia: "Shikamoo, baba. Hebu sogea mlangoni nikutazame macho." Taa ya chumbani ilikuwa imeficha kile ambacho nuru ya mchana imekifichua.

Alama hizi huweza pia kuletwa na mawe ya nyongo au homa ya ini, basi asihukumiwe mtu kabla ya kupimwa. Walakini macho ya manjano hayangojewi, na aliyemeza dawa za vidonda vya tumbo wiki kadhaa asipate nafuu, na arudi kwa daktari aombe uchunguzi wa ultrasaundi au picha ya CT.

Faida ya kuwahi

Tangu mwaka 1935, daktari Allen Whipple wa New York alipoitangaza njia yake ya kukiondoa kichwa cha kongosho, upasuaji umekuwa ndio tumaini kubwa la kupona, nao aghalabu huambatana na tibakemikali. Hesabu za Marekani zaonyesha kwamba katika wagonjwa 100 ambao saratani yao iligunduliwa ingali ndani ya kongosho, wapatao 44 huwa hai baada ya miaka mitano. Ikiwa imekwisha enea mbali, ni kama watatu tu.

Kuishi na maradhi

Mgonjwa apewe chakula kidogo kidogo mara nyingi, na akiandikiwa vidonge vya vimeng'enya avimeze pamoja na chakula, kwani bila ya hivyo mafuta hupita bure na mwili huzidi kudhoofika. Mfereji ulioziba huweza kutiwa mrija mdogo, na kuwasha kukapungua. Ikiwa kupona hakutarajiwi, ipo tiba shufaa, ambayo kazi yake ni kumwondolea mtu maumivu, hata kwa mofini akihitaji, na kumpa faraja yeye na ahali zake; kuiomba si kukata tamaa.

Kwa walio wazima, hadhari kubwa ni kuacha tumbaku, kisha kujiepusha na ulevi na unene uliozidi. Na ambaye jamaa zake wa damu zaidi ya mmoja wamepata maradhi haya, amweleze daktari mapema.

Basi, msomaji, uendapo kuwaamkia wazee wako, uwatazame macho penye nuru; na ukiona manjano, usiseme "tungoje," uwapeleke hospitali.